Swali la Msomaji: Je, Nadharia ya Grafu Bado Ina Kazi ya Kufanya?

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili ya hisabati na natakiwa kuchagua mada ya utafiti ndani ya miezi michache. Nimevutiwa na nadharia ya grafu, lakini nimeambiwa kuwa huo ni mchezo wa vitone na mistari, kwamba maswali mepesi yalishamalizwa na yaliyobaki hayawezekani. Je, yapo maswali ya kweli ambayo mtu wa kiwango changu anaweza kuyagusa? Yana faida gani nje ya karatasi? Na je, ni lazima niwe hodari wa kuandika programu?

JIBU: Ndugu yangu, aliyekuambia hivyo amekosea, na kosa lake linafaa kuchunguzwa kwa sababu jibu lako limo humo humo. Amegawa maswali mafungu mawili, mepesi yaliyokwisha na magumu yasiyowezekana, kana kwamba katikati pana jangwa tupu. Jangwa hilo halipo. Mara nyingi kinachotenga swali jepesi na swali gumu ni neno moja tu, na sehemu kubwa ya utafiti wa grafu leo ni kuutafuta mpaka huo: unapita wapi, kwa nini umepita pale, na swali lililoletwa na daktari au mkemia limeangukia upande gani.

Kwa faida ya wasomaji wengine, grafu ninayoisema si ule mchoro wa mhimili wa x na y. Ni mkusanyiko wa vitone, tuviite nodi, na mistari inayounganisha baadhi ya nodi hizo, tuiite viungo. Nodi zikiwa watu, kiungo kinaweza kuwa kufahamiana. Nodi zikiwa atomi, kiungo ni muungano wa kikemia. Basi. Utajiri wote unatoka kwenye umbo hilo dogo.

Mwaka 1736 Leonhard Euler alijibu swali la mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Mto ulikuwa umeukata mji vipande vinne vya nchi kavu, na madaraja saba yakiviunganisha. Je, mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja tu? Euler aliona kwamba kila ukipita kwenye kipande fulani unatumia madaraja mawili, la kuingilia na la kutokea. Kwa hiyo, ukiacha mahali unapoanzia na unapoishia, kila kipande lazima kiwe na idadi shufwa ya madaraja. Königsberg ilikuwa na kipande kimoja chenye madaraja 5 na vitatu vyenye madaraja 3 kila kimoja. Vyote vinne ni witiri, basi safari haiwezekani. Angalia jinsi jibu linavyopatikana kwa kuhesabu tu: hata grafu ikiwa na nodi milioni moja, unahesabu viungo vya kila nodi, unahakikisha grafu haijakatika vipande, umemaliza.

Sasa badilisha neno moja. Badala ya kupita kila kiungo mara moja, pita kila nodi mara moja. Hili ndilo swali linalobeba jina la William Rowan Hamilton, aliyelifanya kuwa fumbo la nodi 20 katika miaka ya 1850. Linasikika kama pacha wa lile la Euler, lakini si pacha hata kidogo. Mwaka 1972 Richard Karp alionyesha kuwa ni miongoni mwa matatizo 21 ambayo, ukipata njia ya haraka ya kutatua moja lolote, umeyatatua yote na maelfu mengine pamoja nayo. Njia ya haraka maana yake ni kwamba muda unaohitajika unakua kama n mara n, au n mara n mara n, na si kuongezeka maradufu kila unapoongeza nodi moja. Hadi leo hakuna aliyeipata njia hiyo, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Hilo ndilo swali la P na NP, yaani kama kila swali ambalo jibu lake hukaguliwa haraka linaweza pia kutatuliwa haraka, na tangu mwaka 2000 lina zawadi ya dola milioni 1 za Kimarekani kutoka Taasisi ya Hisabati ya Clay. Sikutumi huko. Nataka tu uone kwamba kutoka "kila kiungo" hadi "kila nodi" umevuka mpaka, na hukuhisi hata mtikisiko.

Faida yake nje ya karatasi? Chukua usomaji wa vinasaba. Mashine haziwezi kusoma jenomu, yaani mfuatano mzima wa herufi A, C, G na T za vinasaba vya kiumbe, kwa mkupuo mmoja. Zinatoa vipande vifupi vifupi, na kazi ni kuviunga. Tuseme umepata vipande hivi vya herufi tatu tatu, bila mpangilio: CGA, GTC, ACG, TCG, CGT. Njia inayokuja akilini kwanza ni kukifanya kila kipande kuwa nodi, na kuchora mshale kutoka kipande kimoja hadi kingine kama herufi mbili za mwisho za cha kwanza ndizo herufi mbili za mwanzo za cha pili. Kisha unatafuta njia inayopita kila nodi mara moja. Umejitumbukiza kwenye swali la Hamilton. Kwa vipande vitano hakuna shida, lakini jenomu ya binadamu ina herufi takribani bilioni 3.

Geuza. Kipande kisiwe nodi, kiwe kiungo. Nodi ziwe jozi za herufi: AC, CG, GT, TC, GA. Kipande ACG kinakuwa mshale kutoka AC kwenda CG. CGT kutoka CG kwenda GT. GTC kutoka GT kwenda TC. TCG kutoka TC kurudi CG. Na CGA kutoka CG kwenda GA. Sasa unataka njia inayotumia kila mshale mara moja, na hilo ni swali la Euler. Fuata kwa kidole: AC, CG, GT, TC, CG, GA. Andika herufi unazopita na utapata ACGTCGA. Vipande ni vilevile na jenomu ni ileile. Tulichobadilisha ni mahali pa kuweka kitone na mahali pa kuweka mstari. Pavel Pevzner, Haixu Tang na Michael Waterman waliisimamisha njia hii kwa nguvu katika makala yao ya mwaka 2001, na programu nyingi za kuunga vipande vifupi zimejengwa juu yake.

Usidhani mambo yaliishia hapo, maana sehemu ya utafiti ndiyo kwanza inaanza. Jenomu halisi zina marudio: mfuatano uleule unajitokeza mahali pengi. Pakiwa na marudio, njia za Euler zinakuwa nyingi, zote halali, na ni moja tu iliyo jenomu ya kweli. Kupata njia yoyote ni rahisi. Kujua ipi ndiyo yenyewe ni tatizo lingine kabisa, na ugumu tuliouondoa mlangoni umerudi kwa dirishani. Ndiyo maana mashine za kusoma vipande virefu zilipopatikana, watafiti walirudi kwenye grafu za vipande vinavyopandana. Jenomu kamili ya binadamu iliyochapishwa mwaka 2022 na kundi la watafiti liitwalo T2T iliungwa kwa grafu ya namna hiyo. Maswali ya jinsi ya kuiwakilisha jenomu ya watu wengi kwa pamoja katika grafu moja bado yako wazi kabisa, na yanahitaji wanahisabati, si wanabiolojia peke yao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa figo. Mgonjwa anahitaji figo, ndugu yake yuko tayari kutoa, lakini damu au tishu zao hazipatani. Mahali pengine kuna mgonjwa na ndugu wengine wenye tatizo hilohilo. Huenda figo ya ndugu wa kwanza inamfaa mgonjwa wa pili, na ya ndugu wa pili inamfaa mgonjwa wa kwanza. Wabadilishane. Kila jozi ya mgonjwa na mtoaji ni nodi. Mshale unatoka jozi hii kwenda ile kama mtoaji wa hii anapatana na mgonjwa wa ile. Kubadilishana ni mzunguko katika grafu, na kuokoa watu wengi iwezekanavyo ni kuchagua mizunguko isiyogusana inayofunika nodi nyingi iwezekanavyo. Alvin Roth, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley, ni mmoja wa waliojenga mifumo hii ya ubadilishanaji.

Sasa utazame mpaka ulivyo hapa. Ukiruhusu mizunguko ya jozi mbili tu, tatizo ni la kuoanisha nodi, na Jack Edmonds alitoa algoriti yake ya haraka, yaani hatua za kulitatua, mwaka 1965. Ukiruhusu mizunguko ya jozi mbili au tatu, tatizo linakuwa gumu kwa maana ileile ya Karp. Hilo lilithibitishwa mwaka 2007. Ungetarajia kwamba ukiruhusu mizunguko ya urefu wowote lingezidi kuwa gumu. Kinyume chake, linakuwa jepesi tena! Sababu yake inaelezeka kwa sentensi moja: kila jozi ipewe mshale mmoja unaotoka na mmoja unaoingia, au ibaki peke yake, na hilo ni lile tatizo la zamani la kugawia watu kazi, mtu mmoja kazi moja. Jepesi, gumu, jepesi, kwa kusogeza namba moja tu. Nilipoonyeshwa jambo hili mara ya kwanza nilikaa nalo siku kadhaa, na mpaka leo naona ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa katika taaluma yetu.

Kwa bahati mbaya hospitali zinaishi pale pale kwenye ugumu. Upasuaji wa mzunguko mmoja hufanywa kwa wakati mmoja, kwa kuwa huwezi kumlazimisha mtoaji atoe figo baada ya ndugu yake kuwa ameshapata yake. Jozi tatu ni vyumba sita vya upasuaji kwa mpigo, na jozi kumi ni ishirini, jambo lisilotekelezeka. Na kuna zaidi: jozi inaweza kuonekana inapatana kwenye kompyuta, kisha kipimo cha mwisho cha damu kikakataa, na mzunguko mzima ukavunjika. Je, tuchagueje mizunguko ili mmoja akitoka, wengine wapangwe upya bila kupoteza wengi? Hilo ni swali la utafiti lililo hai, na mwanafunzi wa uzamili anaweza kuchukua kipande chake: grafu zenye umbo fulani tu, au makundi machache ya damu, kisha athibitishe kwamba katika hali hiyo tatizo limerudi upande mwepesi.

Nipite haraka kwenye magonjwa ya kuambukiza. Kuchagua watu bora kabisa wa kuchanja ili ugonjwa usisambae kwenye mtandao wa watu ni tatizo gumu, na zaidi ya hapo hakuna mwenye ramani ya mtandao huo. Mwaka 2003 Reuven Cohen, Shlomo Havlin na Daniel ben-Avraham walipendekeza njia ya mkato: mchague mtu kwa nasibu, mwombe ataje mtu anayemfahamu, kisha mchanje huyo aliyetajwa. Jaribu kwenye grafu ya nodi moja katikati na nne pembeni zilizounganishwa nayo. Ukichagua nodi kwa nasibu, nafasi ya kuipata ile ya katikati ni 1 kwa 5. Ukichagua nodi kisha jirani yake, nafasi ni 4 kwa 5. Umempata mwenye watu wengi bila kuiona ramani.

Kuna swali jingine ambalo linakaa juu ya mpaka wenyewe, halijulikani liko upande gani. Umepewa grafu mbili. Je, ni grafu moja iliyochorwa kwa namna mbili? Mwaka 2015 László Babai alitangaza algoriti inayokaribia sana kuwa ya haraka, ingawa si ya haraka kikamilifu. Januari 2017 Harald Helfgott aligundua kosa katika uchambuzi wake, na ndani ya siku chache Babai akalirekebisha. Nalitaja hilo kwa makusudi, maana wanafunzi wengi huogopa kukosea. Kazi kubwa kabisa ya eneo letu katika muongo ule ilisomwa kwa makini, ikakutwa na ufa, ufa ukazibwa, na sote tukaendelea.

Swali hili lina upande wa vitendo ambao umepamba moto. Mbinu ya zamani, ya Boris Weisfeiler na Andrei Leman ya mwaka 1968, inafanya hivi: ipe kila nodi rangi moja, kisha badili rangi ya kila nodi kulingana na rangi za majirani zake, rudia mpaka hakuna kinachobadilika. Grafu mbili zikiishia na rangi tofauti, si grafu moja. Zikiishia sawa, huna uhakika. Chora pembe sita, nodi sita kwenye duara moja. Pembeni chora pembetatu mbili zisizogusana. Katika michoro yote miwili kila nodi ina majirani wawili, kwa hiyo rangi hazibadiliki kamwe, na mbinu haioni tofauti. Mtoto anaiona kwa jicho.

Kwa nini nakusumbua na pembetatu? Kwa sababu mitandao ya neva ya grafu, ile inayofundishwa kukisia tabia za molekuli, inafanya kazi kwa mtindo huohuo: kila nodi inakusanya habari za majirani, hatua baada ya hatua. Mwaka 2019 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba mitandao ya kawaida ya aina hii haiwezi kutofautisha grafu ambazo mbinu ya mwaka 1968 haizitofautishi. Na hili si la kubuni tu. Molekuli ya decalini ina pete mbili za kaboni sita sita zinazoshirikiana upande mmoja. Bisaiklopentili ina pete mbili za kaboni tano tano zilizounganishwa kwa kiungo kimoja. Zote zina kaboni 10. Ukitazama viungo vya kaboni peke yake, mbinu ya rangi inaziona ni kitu kimoja. Ni mitandao ya ukoo huu iliyosaidia watafiti wa MIT mwaka 2020 kuitambua halicin kuwa dawa yenye uwezo wa kuua bakteria sugu. Kwa hiyo kujua mtandao unaona nini na hauoni nini ni jambo lenye uzito, na hapo nadharia safi na maabara ya dawa zinasoma ukurasa mmoja.

Sasa nije kwenye hofu yako ya kwamba yaliyobaki hayawezekani. Mwaka 2019 Hao Huang alilifunga swali lililokuwa wazi kwa takribani miaka 30, kwa uthibitisho wa kurasa chache ambao mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuufuata. Chukua maneno yote ya tarakimu n za 0 na 1, kila neno nodi, na uunganishe mawili yanapotofautiana kwa tarakimu moja tu. Kwa n = 3 unapata mchemraba wenye pembe 8. Unaweza kuchagua nusu yake, 000, 011, 101 na 110, pasiwe na hata nodi mbili zilizo jirani. Ongeza moja tu na utulivu huo unavunjika: katika nodi 5 zozote utakazochagua, kuna moja yenye majirani wasiopungua wawili ndani ya hao waliochaguliwa. Huang alithibitisha kwamba kwa n yoyote, ukichagua zaidi ya nusu, lazima kuna nodi yenye majirani waliochaguliwa wasiopungua kipeuo cha pili cha n. Siri yake ilikuwa kuchukua matriki ya grafu, yaani jedwali lenye 1 pale nodi mbili zinapounganishwa na 0 zisipounganishwa, na kubadili baadhi ya 1 kuwa -1 kwa ustadi, mpaka matriki ikizidishwa yenyewe inatoa n kwenye ulalo na sifuri kwingine kote. Watu waliobobea walikuwa wamelizunguka swali hilo kwa miaka. Silaha aliyotumia unayo tayari kutoka somo la aljebra.

Sikuahidi kwamba utafanya kama Huang. Nakuonyesha tu kwamba urefu wa muda swali lililokaa wazi si kipimo cha urefu wa jibu lake.

Kuna swali la miti nalo, linalopendwa sana na wanaoanza. Mti ni grafu iliyoshikamana isiyo na mzunguko. Mti wenye viungo m una nodi m + 1. Je, unaweza kuzipa namba kutoka 0 hadi m, kila moja yake, ili tofauti za namba kwenye ncha za viungo ziwe 1, 2, mpaka m, bila kurudia? Kwa mstari wa nodi tano, andika 0, 4, 1, 3, 2. Tofauti ni 4, 3, 2, 1. Kisio linalotokana na kazi ya Alexander Rosa ya mwaka 1967 linasema kila mti unaweza. Kompyuta zimekagua miti yote mpaka ya nodi 35, na hakuna aliyethibitisha kwa miti yote.

Faida ya kuweka namba hivyo inaonekana ukichora. Weka nodi 9 kwenye duara kama saa, 0 mpaka 8, na uchore mstari wetu: 0 hadi 4, 4 hadi 1, 1 hadi 3, 3 hadi 2. Kiungo cha kwanza kinaruka hatua 4, cha pili 3, cha tatu 2, cha nne 1. Sasa uzungushe mchoro wote hatua moja, kisha nyingine, mara tisa. Kwa kila urefu wa kuruka kuna viungo 9 kwenye duara, na kila mzunguko unachukua kimoja kipya. Viungo vyote 36 vimegawanywa kwa nakala 9 za mti uleule, hakuna kilichobaki wala kilichorudiwa. Mwaka 1963 Gerhard Ringel alikisia kwamba mgawanyo kama huu unawezekana kwa mti wowote, na mwaka 2020 Richard Montgomery, Alexey Pokrovskiy na Benny Sudakov walitangaza uthibitisho kwa miti yote iliyo mikubwa vya kutosha, wakitumia mbinu za nasibu. Kisio la namba lenyewe bado limesimama.

Lakini hapa nikuonye kwa moyo mweupe. Yapo maelfu ya makala kuhusu kupachika namba kwenye grafu, na nyingi zinachukua familia moja ya grafu yenye jina la kupendeza, zinaonyesha kwamba inakubali namba, zinafunga. Ukifuata njia hiyo utapata tasnifu, lakini hutapata utafiti. Kipimo changu ni hiki: matokeo yako yakiwa kweli, je, yanamwambia mtu kwa nini? Ukionyesha kwamba sababu fulani ndiyo inayowezesha familia kumi tofauti kwa pamoja, hapo umefanya kitu.

Pia yapo maswali ya kuyapenda kwa mbali. Ni kundi la watu wangapi linalolazimisha kuwepo watano wanaofahamiana wote au watano ambao hakuna anayemfahamu mwenzake? Kwa watatu jibu ni 6, kwa wanne ni 18. Kwa watano tunajua ni kati ya 43 na 46. Ukitaka kukagua watu 43 kwa kujaribu kila hali, kuna jozi 903, kwa hiyo hali ni 2 kwa kipeo cha 903, namba yenye tarakimu 272. Hakuna kompyuta itakayozimaliza. Zisome hoja zake, zitakufundisha mengi, ila usiliweke swali hilo kwenye pendekezo lako la utafiti.

Kuhusu programu: huhitaji kuwa mhandisi. Unahitaji mistari ishirini au thelathini ya Python, na maktaba kama NetworkX au mfumo wa SageMath, ambavyo ni vya bure, pamoja na nauty ya Brendan McKay inayoorodhesha grafu ndogo zote bila kurudia. Sababu ni kwamba macho na karatasi yanakwisha nguvu mapema. Grafu tofauti za nodi 7 ni 1,044; za nodi 8 ni 12,346; za nodi 9 ni 274,668. Mfano unaokanusha wazo lako unaweza kuwa umejificha kwenye nodi 8, nawe ulishatumia miezi kulithibitisha. Mimi yalinikuta mapema katika kazi yangu: nilikuwa na hoja ya kurasa kumi na mbili, na usiku mmoja wa kompyuta ukaniletea grafu ndogo iliyoivunja. Tangu hapo nakagua kwanza, naandika baadaye.

Ukiniuliza ningechagua nini leo kwa muda wako, ningechukua mbinu ya rangi ya Weisfeiler na Leman na kuuliza inaona nini ndani ya aina moja ya grafu zenye maana kwa kemia, kwa mfano zile ambazo hakuna nodi yenye viungo zaidi ya vinne na zinazochoreka bila mistari kukatana. Swali lina nadharia ya kutosha kukupa uthibitisho wako mwenyewe, na lina watu wanaolisubiri upande wa pili. Anza hivi wiki hii: orodhesha grafu zote 156 za nodi 6, zipitishe kwenye mbinu ya rangi, na utafute jozi zinazochanganywa. Pembe sita na pembetatu mbili utazikuta humo. Utakuta pia miraba miwili inayoshirikiana upande mmoja ikichanganywa na pembetatu mbili zilizounganishwa kwa kiungo kimoja, ambayo ni ile decalini na mwenzake katika umbo dogo kabisa. Zichore zote kwenye karatasi moja, uandike pembeni ni nini kinachozifanya zifanane, na karatasi hiyo ndiyo uende nayo kwa msimamizi wako.